Mlio Uliohamahama

Nimeimba besi nyuma ya mgongo wa Asnath Shekiondo kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo nimemsikia akikosea mbele ya waumini mara mbili tu. Nazikumbuka zote mbili, pamoja na nyimbo zenyewe, kwa sababu mimi ndiye katibu wa kwaya na katibu kazi yake ni kukumbuka makosa ya wenzake. Ya kwangu siyaandiki. Hili ninalotaka kulisimulia, hata hivyo, lina kosa langu ndani yake, na safari hii nimeamua kuliandika.

Hapa Mkata hakuna anayemwita Asnath. Ni Mama Lea, au Sista, inategemea umekutana naye kanisani au zahanati. Alizaliwa juu kule Vugiri, akajifunza kinanda cha kukanyaga kwa miguu kanisani kwao kabla miguu haijafika vizuri chini, kisha akasomea uuguzi na kuletwa kwetu huku bondeni kwenye joto na mihogo. Alisema atakaa miaka miwili. Nusu ya watoto ninaowafundisha hesabu darasa la sita walipita mikononi mwake kabla ya kufika kwangu, na yeye hudai kwamba aliniletea wakiwa wazima, mimi ndiye niliyewaharibu.

Ukitaka kumjua Mama Lea, mwone akiwa kazini. Zahanati wanacho kifaa cha kisasa cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, chenye betri na spika yake, lakini yeye hutumia kile cha zamani chenye umbo la tarumbeta fupi. Anakiweka kwenye tumbo la mama, anainama, anatega sikio, anafumba macho, na mkononi ameshika saa. Mke wangu alizalishwa naye mtoto wetu wa mwisho, nami nililiona jambo hilo kwa macho yangu mlangoni kabla hawajanifukuza. Chumba kizima kinanyamaza. Hata mama mwenye uchungu ananyamaza. Akifumbua macho anasema neno moja tu, kwamba mtoto yuko vizuri au kwamba gari liitwe, na sijasikia mtu akibishana naye.

Sasa nije kwenye piano. Kwaya yetu ilikuwa na kinanda cha umeme kilichonunuliwa kikiwa kimekwisha tumika, na sauti yake ilikuwa kama ya kitu cha kuchezea watoto. Mwaka jana, siku chache kabla ya Pasaka, tukamwita Abdi Mhando kutoka Korogwe, fundi wa vyombo vya muziki, mzaliwa wa Kwamsisi, mtu ambaye amefunga spika kwenye harusi za wilaya mbili kwa zaidi ya miaka ishirini. Abdi akaja na laptopu, akaiunga na kinanda chetu kwa waya, akatuambia ndani ya ile laptopu kuna piano. Piano yenyewe haina mbao wala nyuzi, ni hesabu tupu, kompyuta inapiga mahesabu ya jinsi uzi ungelia na kutoa sauti. Mimi ni mwalimu wa hesabu na sikumwamini. Mama Lea akakaa, akabonyeza, na wanakwaya wa sauti ya kwanza wakaanza kulia, ingawa hao hulia kwa kila kitu.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mama Lea, kama wapigaji wengi wa makanisa yetu, hupiga nyimbo zote akiwa na do mahali pamoja, kwenye kibao kimoja cheupe. Ndivyo alivyofundishwa. Wimbo ukitakiwa kuwa juu zaidi, hahamishi vidole. Anabonyeza kitufe kwenye kinanda, anaweka namba, mbili au tano au saba, na kinanda kinapandisha kila kitu kwa hatua hizo. Vidole vinabaki palepale, sauti inatoka juu zaidi. Wasomi wa muziki wa mjini hutucheka kwa hilo. Wacheke, sisi tunaimba. Namba ya kila wimbo naiandika mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi ya wimbo, ili asihangaike kukumbuka.

Baada ya Pasaka akaniambia kwamba mi inalia vibaya. Nyuma ya ile noti kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia chumbani, na ukiinua kidole noti inakufa lakini mbu anabaki kidogo. Nikamwambia ni vumbi. Jumapili iliyofuata tukaimba wimbo mwingine, akanishika pembeni akasema mi ni safi kabisa, sasa ni so. Wiki ya tatu ikawa re.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilimwambia, tena kwa kucheka na mbele ya watu wawili, kwamba kibao kibovu ni kama jino bovu, hakihami. Kama mlio unahama leo huku kesho kule, basi haumo kwenye piano, aangalie masikio yake. Nilikuwa natania. Mama Lea, ambaye hajawahi kuniachia utani bila kuulipa, alikunja karatasi zake akaenda nyumbani.

Sikujua nilichokisema. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mama yake, Bibi Raheli, alipofika miaka hamsini na mmoja alianza kuuliza ni nani ameacha redio inalia. Hapakuwa na redio. Ulikuwa mlio mmoja mwembamba, akiusikia mara huku mara kule, na miaka minne baadaye yule mama alikuwa hasikii wajukuu wakimwamkia. Aliishi miaka ishirini zaidi akitabasamu na kuitikia kwa kichwa kila alichoambiwa, hata alipoambiwa amefiwa na kaka yake. Aliyempigia kelele sikioni siku hiyo mpaka akaelewa alikuwa Asnath.

Nami, kwa kuwa ni katibu mwenye bidii, nikamwita Abdi aje kukikagua kinanda. Alikuja siku ya Jumanne wakati Mama Lea yuko zamu. Akakifungua, akapiga brashi, akasafisha vile vipande vya mpira chini ya vibao, akakifunga, kisha akapiga vibao vyote toka mwanzo hadi mwisho. Ukuta wa kanisa letu umepakana na mashine ya kusaga, na Jumanne hiyo watu walikuwa na mahindi mapya. Abdi akaniuliza kama nasikia kitu. Nikasema sisikii, na ni kweli, nilikuwa nasikia unga. Akasema hata yeye hasikii kitu. Nikamtumia Mama Lea ujumbe kwamba fundi amethibitisha kinanda ni kizima, nikaongeza na kile kikatuni cha kucheka.

Miezi miwili iliyofuata alipiga kinanda kila Jumapili na hakulalamika tena. Nikadhani jambo limekwisha. Kumbe zahanati, kila alipomsikiliza mtoto tumboni, alimwita muuguzi mwenzake, Hamisa, aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano, amsikilize tena na aseme namba aliyoipata. Namba zililingana kila mara. Hilo halikumpa amani hata kidogo. Aliniambia baadaye kwamba Hamisa ni binti aliyelelewa vizuri, na kwamba angekubali hata kama yeye Asnath angesema amesikia mapacha watatu. Aliandikiwa barua ya kwenda kliniki ya masikio kwenye hospitali ya rufaa. Akaiweka kabatini na siku ya miadi akaiacha ipite. Mwanamke ambaye huwafuata wajawazito mpaka kwenye mashamba ya mihogo kuwauliza kwa nini hawajahudhuria, yeye mwenyewe aliikimbia kliniki.

Niliyajua haya yote Alhamisi moja baada ya mazoezi. Wengine walishaondoka, yeye akabaki amekaa kwenye kiti cha kinanda akiwa ameshika zile karatasi za nyimbo. Akaniambia Jumapili ndiyo ya mwisho, nitafute mpigaji mwingine. Jumatatu ataingia kwa mganga mfawidhi amwombe amtoe chumba cha kujifungulia, ampeleke kwenye chanjo au kwenye madaftari, popote ambapo mtu hahitaji masikio. Akanieleza habari za mama yake. Nilitaka kumwambia asiwe na haraka, akanikata.

"Mwalimu, mapigo ya mtoto yakipungua mimi ndiye ninayepaswa kusikia. Sitasubiri mpaka nikose mtoto wa mtu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mwanafunzi. Nikachukua karatasi zake, maana zilipaswa kwenda kwa mpigaji mpya, nikaenda nazo.

Siku ya Ijumaa, saa nne, wakati wa chai ya shuleni, nikazifungua mezani kwenye ofisi ya walimu ili nizipange. Nikaona ameziwekea duara ndogo za penseli. Kila mahali mlio uliposikika, ameizungushia noti ile. Mtu mwangalifu hata katika hofu yake. Kwenye wimbo wa Pasaka duara zote zilikuwa kwenye mi, na juu ya karatasi, kwa kalamu yangu nyekundu, kitufe namba tano. Wimbo wa pili, duara kwenye so, kitufe namba mbili. Wa tatu, re, namba saba.

Miaka thelathini nimefundisha kujumlisha. Kutoka do mpaka mi, ukihesabu vibao vyote, vyeupe na vyeusi, ni hatua nne. Nne na tano ni tisa. Kutoka do mpaka so ni hatua saba, na mbili ni tisa. Mpaka re ni hatua mbili, na saba ni tisa. Nikatafuta wimbo mmoja ambao tunauimba bila kubonyeza kitufe chochote, na duara zilikuwa kwenye la. Hatua tisa. Vidole vyake vilikuwa vinahama lakini mlio haukuwa umehama hata siku moja. Ulikuwa ni sauti moja ileile, na ni namba zangu nyekundu zilizoificha. Nikaacha chai na muhogo wangu mezani, kitu ambacho walimu wenzangu wanakizungumzia mpaka leo.

Nilimkuta zahanati akiandika kadi. Nikamwonyesha hesabu. Aliifuata yote kwa kidole, akaelewa upesi kuliko darasa la sita, kisha akanirudishia karatasi.

"Kwa hiyo ni sauti moja," akasema. "Mama naye alianza na moja."

Kwa kweli sikuwa nimelifikiria hilo. Sauti moja mbovu inaweza kuwa kwenye piano, na inaweza vilevile kuwa kwenye sikio. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na haikumsaidia kitu. Nilichobaki nacho ni ubishi tu, nao ninao wa kutosha. Nikamwambia kesho ni Jumamosi, laptopu inarudi Korogwe kwa Abdi akaitengeneze kwa ajili ya mpigaji mpya, na katibu hawezi kubeba chombo cha kwaya peke yake. Alijua nadanganya. Akaja.

Tulipanda basi asubuhi, tukapita Segera, na kabla ya saa tano tulikuwa Manundu, hapo Korogwe, kwenye duka la Abdi. Duka ni chumba kimoja kilichojaa spika zilizofunguliwa matumbo, na nje pikipiki zinapita tangu alfajiri. Abdi alituamkia kwa heshima zake zote, shikamoo Mwalimu, shikamoo dada, akatafuta kiti cha Mama Lea na kukifuta kwa shati lake. Nikamweleza ile hesabu ya tisa. Akacheka, akasema walimu mna mambo, akaunga laptopu kwenye kinanda kimoja cha dukani na kumwomba dada apige mwenyewe, bila kitufe, kibao kimoja baada ya kingine.

Akapiga polepole kutoka chini. Alipofika katikati, kwenye la, akasimama. Akaendelea mpaka juu, akarudi akishuka, akasimama palepale. Akamwambia Abdi ni hapa. Abdi akakipiga kile kibao mara tano, amekunja uso, akatikisa kichwa. Hasikii kitu. Mimi nilisikia, au nilidhani nimesikia, kitu chembamba nyuma ya kelele za pikipiki, nikasema kwamba hata mimi nakisikia. Mama Lea akaniangalia kama anavyowaangalia wanaume wanaodai wake zao hawana uchungu. Alisema ninamwonea huruma, na fundi amekwisha sema.

Abdi ni mtu mwema na hakupenda kumwona vile. Akasema atamwonyesha kwamba piano haina kosa, ili aamini kwa macho. Akafungua ukurasa ambao sijawahi kuuona, wenye mistari midogo imesimama, themanini na nane, mmoja kwa kila kibao. Mistari hiyo, alieleza, inaamua kila noti iache mwangwi kiasi gani. Yote ilikuwa imelingana kama meno ya kitana. Isipokuwa mmoja. Mmoja ulikuwa umechomoza juu ya wenzake karibu mara mbili.

 Abdi akasogeza uso karibu na kioo. Akasema polepole kwamba siku ile ya kwanza kule Mkata alikuwa akirekebisha ukurasa huuhuu, na huenda mkono ulimteleza kwenye kipanya. Akahesabu mistari kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa ni wa la ileile.

Akaushusha ukalingana na wenzake, akamwomba dada apige. Mama Lea akapiga mara moja. Akapiga tena. Nikaona kidevu kinamcheza, lakini yeye ni muuguzi, na wauguzi ni watu wagumu kuliko mafundi. Akasema amemwona Abdi akiushusha. Wagonjwa wangapi amewaona wakipata nafuu kwa kuiona sindano tu, kabla haijaingia mwilini? Akataka apimwe bila kuona.

Basi tukampima. Abdi akahifadhi piano mbili ndani ya laptopu, moja yenye mstari uliochomoza, nyingine iliyosawazishwa. Mimi nikaandika kwenye daftari langu orodha ya zamu kumi, nikizichanganya bila mpango, nikageuza kioo kielekee kwangu peke yangu. Mama Lea akasimama akiangalia ukuta, mikono imekamatana kifuani. Mimi nachagua, Abdi anabonyeza kibao, yeye anasema.

Upo. Haupo. Haupo. Upo. Alikuwa akijibu kabla noti haijafa. Zamu ya saba orodha ilileta iliyosawazishwa kwa mara ya tatu mfululizo, kama mtego, akasema haupo, na uache kunitega Mwalimu. Zamu ya nane, upo.  Ya tisa, upo. Ya kumi, upo.

Nikamsomea orodha. Kumi kwa kumi.

Hakupiga kelele wala kuinua mikono. Alitafuta kile kiti, akakaa, akajifunika uso kwa kitenge chake, na mabega yakaanza kucheza. Alilia kwa muda. Mimi nilisimama na daftari langu nikiwa na furaha mpaka nikataka kumkumbatia fundi, na kusema kweli nilimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Alipojifunua alikuwa anacheka, uso umelowa, mdogo kwa miaka kumi. Akasema tangu Pasaka hajalala usingizi wa kushiba. Akaniambia na hilo la jino bovu atalilipa, nisidhani limesahaulika.

Kwa furaha hiyo hiyo nikamwambia Abdi zamu yake. Nilikuwa natania tu, kama mtu anayependekeza soda. Abdi akakubali, akaenda ukutani akicheka. Mama Lea akabonyeza, mimi nikachagua. Akajibu upo, upo, haupo, kwa sauti ya mzaha. Nilipomaliza nikajumlisha. Alikuwa amepata nne.

Akasema ni pikipiki. Akashusha mlango wa chuma mpaka chini, akazima feni, akarudi ukutani, na safari hii hakucheka. Alikuwa anasubiri baada ya kila noti, kichwa amekiinamisha. Akapata tano. Mtu anayebahatisha kumi hupata tano, hilo mimi nalifundisha, lakini sikulisema. Katika chumba kile kilichofungwa, mimi mwenyewe, besi mwenye masikio ya kawaida, nilikuwa nausikia ule mlio waziwazi.

Abdi akageuka kutoka ukutani. Akasema mke wake, Hafsa, humlalamikia kwamba anafungulia televisheni mpaka majirani wanafuata tamthilia kupitia ukutani, na yeye alidhani anamwonea. Alidhani siku hizi watu wanaongelea tumboni. Kisha akanitazama mimi.

"Siku ile Mkata nilikuuliza wewe kama unasikia, Mwalimu. Nilikuwa nakutegemea wewe."

Na mimi nilikuwa namtegemea yeye. 

Mama Lea ndiye aliyeinuka. Akamkalisha kwenye kile kiti chake, akamwangalia masikio kwa tochi ya simu, moja baada ya jingine, akamuuliza ni miaka mingapi amekaa kando ya spika, kama masikio humlia akitoka kwenye harusi, na kama baba yake alisikia vizuri uzeeni. Alimuuliza akiwa mbele ya uso wake, taratibu, midomo ikionekana. Akamwambia hakuna uchafu, na kwamba yeye si mtaalamu wa masikio, mtaalamu yupo hospitali ya rufaa. Abdi akaitikia kila kitu. Hakutaka malipo ya kazi, nasi hatukubishana naye maana haikuwa siku ya kubishana.

Kwenye basi la kurudi nilitarajia kicheko. Nilikuwa nimekwisha tunga maneno ya kuwaambia wanakwaya. Lakini mpaka tunakaribia Segera Mama Lea alikuwa ameegemea dirisha, laptopu mapajani. Nikamuuliza kama ana wasiwasi bado. Akasema hana hata chembe, na hilo ndilo linalomsumbua.

"Abdi alipokosea mara ile ya kwanza nilifurahi, Mwalimu. Mtu anapoteza masikio mbele yangu, na mimi ndani nasema asante Mungu, ni yeye, si mimi."

Nikamwambia mtu yeyote angejisikia hivyo. Akajibu kwamba mtu yeyote, ndiyo, lakini si muuguzi. Kisha akatoa simu akampigia muuguzi wa hospitali ya rufaa aliyesoma naye, akaomba miadi mipya, ya watu wawili. Nikamuuliza yeye aende wa nini tena, si ameshajua kwamba ni mzima. Akasema Abdi hataenda peke yake, anawajua watu wa namna hiyo kwa sababu yeye ni mmoja wao, na mtu akiona mwenzake anaingia kwenye kile chumba cha kupimia na kutoka, ataingia.

Halafu akampigia Abdi. Sisi abiria wote tulisikia upande mmoja wa maongezi. Akasema Jumatano, saa mbili asubuhi, tukutane getini. Akasikiliza. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, Jumatano, mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kumtazama. Inaelekea wa upande wa pili hakuelewa. Basi lilikuwa linaunguruma kupanda mlima na kondakta alikuwa anaita nauli, na Mama Lea akaweka kiganja kando ya mdomo wake, kama ambavyo nadhani alimfanyia mama yake miaka yote ile, akarudia neno kwa neno kwa mara ya tatu, bila haraka, mpaka Abdi akasema amesikia.